Jogoo Aliyesubiri: Wakusanyaji na Wanyama wa Ito Jakuchu

Mwaka 1953 kijana mmoja mhandisi kutoka Bartlesville, mji wa mafuta katika jimbo la Oklahoma, alikuwa New York akiwa na fedha za kununulia gari. Alilitaka Mercedes la mbio. Jina lake Joe Price, mwana wa Harold Price, tajiri aliyechuma mali kwa kutandaza mabomba ya mafuta. Siku hiyo alikuwa amefuatana na mzee wa zaidi ya miaka 80 ambaye Marekani nzima ilimjua: Frank Lloyd Wright, msanifu majengo. Wright alikuwa akimchorea Harold Price jengo la ghorofa 19 huko Bartlesville. Mzee aliingia katika duka la sanaa za Asia kwenye barabara ya Madison, akaanza kupekua chapa za Kijapani. Kijana akabaki akiangaza macho huku na huku.

Macho yakanasa kwenye picha moja ya kuning'iniza. Ilikuwa picha ya mzabibu, iliyochorwa kwa wino mweusi mtupu.

Joe Price hakujua Kijapani. Hakujua nani aliichora picha ile wala lini. Akainunua, na habari ya gari ikaishia hapo. Baadaye ndipo alipokuja kuelezwa kwamba mkono ule ulikuwa wa Ito Jakuchu wa Kyoto, mchoraji aliyefariki mwaka 1800, ambaye hata kwao Japani alikuwa akitajwa na wachache. Kijana aliyekuja mjini kutafuta gari alikuwa ameanza safari ya miaka 70, na safari hiyo ndiyo iliyosaidia kuwarudisha machoni pa watu majogoo, bata, tembo na vyura waliokuwa wamesahauliwa kwa karne nzima.

Jakuchu alizaliwa mwaka 1716, mtoto wa sokoni. Familia yake ilikuwa na duka la jumla la mboga, Masuya, katika mtaa wa Nishiki, soko ambalo wakazi wa Kyoto wananunua vyakula hadi leo. Baba alipofariki, kijana wa miaka 23 akarithi duka, wapagazi, wadeni na hesabu zake zote. Biashara haikumkaa moyoni. Daiten, mtawa wa hekalu la Shokoku-ji aliyekuwa rafiki yake na aliyeandika habari za maisha yake, anamweleza kama mtu asiyevutwa na starehe za mjini wala na mali. Hakuoa. Alichokipenda ni kuchora. Mwaka 1755, akihesabiwa miaka 40, alimkabidhi mdogo wake duka, akabaki na brashi zake.

Mwanzoni alijifunza kama walivyojifunza wenzake, kwa kunakili. Mahekalu ya Kyoto yalikuwa yamehifadhi picha za kale za Kichina, naye akazinakili moja baada ya nyingine. Halafu, kwa masimulizi ya Daiten, akaona kasoro yake: anayenakili picha anachora kile ambacho mwingine amekwisha kukiona kwa niaba yake. Akataka kuona mwenyewe. Lakini tausi na kasuku hawapiti mitaani kila siku. Kuku wapo. Basi akafuga makumi ya kuku uani kwake, chini ya dirisha, akawa anawatazama. Akawatazama kwa miaka. Baada ya hapo ndipo alipoanza kuwachora, na kutoka kwa kuku akahamia kwa ndege wengine, wadudu, samaki, miti na mawe.

Yeyote aliyekulia kwenye boma lenye kuku anajua kwamba jogoo hasimami namna moja mara mbili. Anainua mguu na kukunja vidole kabla ya kuushusha. Anageuza kichwa akutazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Manyoya ya shingoni yanamsimama akighadhibika na kulala akitulia. Katika picha moja ya hariri, Jakuchu amewabananisha majogoo 13 hata huoni kwa urahisi mkia huu ni wa nani na bawa lile ni la nani. Undu wa kila mmoja ni mwekundu wa moto, umenyunyiziwa vidoa vidogo sana, kimoja kimoja, kama ngozi yenyewe ilivyo. Hakuna unyoya uliofichwa kwenye kivuli au kuparazwa kwa haraka ili kazi iishe.

Daiten anasimulia kisa kingine. Sokoni waliuzwa shomoro hai, wa kuchomwa. Jakuchu alinunua makumi yao, akawapeleka nyumbani na kuwaachia uani waruke. Mtu aliyeishi kwa kuuza vyakula alikuwa akinunua chakula ili kisiliwe.

Kuanzia mwaka 1757 hivi hadi 1766 alitengeneza kazi kubwa ya maisha yake: picha 30 za hariri zinazoitwa kwa Kijapani Doshoku Sai-e, yaani picha za rangi za viumbe hai. Humo mna majogoo na tembe, bata kwenye theluji, samaki wa kila umbo, makombe yaliyotawanyika ufukoni, vyura na viluwiluwi kando ya bwawa, na ndege wa hadithi, feniksi mweupe. Picha hizo, pamoja na nyingine 3 za Buddha na wafuasi wake wawili, alizitoa sadaka kwa hekalu la Shokoku-ji ili wazazi wake, ndugu yake na yeye mwenyewe waombewe. Maana yake ni kwamba wanyama wale hawakuchorwa kupamba sebule ya tajiri. Walichorwa wamzunguke Buddha, kila kiumbe kwa nafasi yake, kuanzia feniksi hadi kiluwiluwi.

Mafundi walipozifanyia ukarabati kati ya 1999 na 2004, walizitenga picha na karatasi za nyuma, wakapata nafasi ya kuutazama upande wa pili wa hariri. Huko walikuta siri za fundi. Sehemu nyingi Jakuchu alipaka rangi pande zote mbili, ili rangi ya nyuma ipenye nyuzi za hariri na kung'arisha ile ya mbele. Manyoya ya feniksi mweupe, ambayo tangu zamani yaliaminika kuwa yametiwa dhahabu, hayakuwa na dhahabu: ni udongo wa rangi ya njano uliopakwa kwa nyuma, na michirizi myeupe myembamba kwa mbele, na macho yakadanganyika kwa zaidi ya miaka 200. Kwenye samaki mmoja wa buluu walikuta buluu ya Prussia, rangi ya kiwandani iliyobuniwa Ulaya na iliyokuwa ngeni kabisa Japani wakati ule.

Lakini vipi kuhusu wanyama ambao hawakuwako Japani? Hilo lilikuwa tatizo la kila mchoraji wa enzi ya Edo, maana watu walipenda sana picha za wanyama wa mbali, na nchi ilikuwa imefunga milango yake isipokuwa kwa meli chache za Wachina na Waholanzi pale Nagasaki. Simbamarara hawapo Japani. Wachoraji waliwaelewa kwa ngozi zilizoletwa na wafanyabiashara, kwa picha za Kichina, na kwa kumtazama paka wa nyumbani. Ndiyo sababu simbamarara wengi wa Kijapani wana sura ya paka aliyeamshwa usingizini. Mwaka 1860 chui hai alipofikishwa Yokohama na kuonyeshwa Edo, mji ambao leo ni Tokyo, wachora chapa walimwandika simbamarara, kwa kuwa wengi waliamini kwamba mwenye madoa ni jike la mwenye milia.

Tembo, kwa upande wake, alikuja kweli. Mwaka 1728 meli ya Kichina iliwaleta Nagasaki tembo wawili kutoka nchi ambayo leo ni Vietnam, dume na jike, kwa sababu Shogun Yoshimune, mtawala wa kijeshi wa nchi, alitaka kuwaona. Jike alikufa katika miezi michache. Dume akatembezwa kwa miguu kutoka Nagasaki hadi Edo, mwendo wa zaidi ya kilomita 1,000, na mwaka 1729 akapitishwa Kyoto ili Kaizari Nakamikado amtazame. Kwa kuwa haikufaa kiumbe asiye na cheo kuingia mbele ya Kaizari, inasimuliwa kwamba tembo alipewa cheo cha daraja la nne la baraza la kifalme. Jakuchu wakati huo alikuwa kijana wa miaka 13 mjini humohumo. Kama alisimama kando ya njia siku ile, haikuandikwa, ila tembo mweupe, mkubwa na mpole, alikuja kurudi katika kazi zake za uzeeni.

Mwaka 1788 moto mkubwa uliteketeza sehemu kubwa ya Kyoto, nyumba ya Jakuchu ikiwamo. Mzee wa zaidi ya miaka 70 akabaki hana kitu. Alihamia karibu na hekalu la Sekiho-ji, kusini mwa mji, akawa anatoa picha kwa malipo ya kipimo cha mchele, hata akajiita mwenyewe mzee wa pishi ya mchele na kuliandika jina hilo kwenye picha zake. Inasimuliwa kwamba aliwahi kumwambia mgeni mmoja kuwa yuko tayari kusubiri miaka elfu apatikane wa kuzielewa kazi zake. Alifariki mwaka 1800, akazikwa hapo Sekiho-ji.

Miaka elfu haikufika, ila karne moja ilipita kwa tabu. Baada ya mapinduzi ya Meiji ya mwaka 1868, yaliyorudisha mamlaka kwa Kaizari, mahekalu ya Kibuddha yalipoteza ardhi na ulinzi wa serikali, na Shokoku-ji likajikuta karibu na kufilisika. Mwaka 1889 hekalu lilizikabidhi picha 30 za viumbe kwa nyumba ya kifalme, nalo likapewa yen 10,000. Fedha hizo zililiokoa. Majogoo wa muuza mboga walikuwa wamenunua ardhi ya watawa, lakini wenyewe waliingia ikulu, na huko walionwa na wachache sana.

Wakati picha za hariri zikifungiwa, wanyama wa karatasi, wale wa chapa za mbao, walikuwa wakivuka bahari.

Chapa ya mbao haikuwa kazi ya mtu mmoja. Mchapishaji alitoa mtaji na wazo. Mchoraji alichora kwa wino juu ya karatasi nyembamba. Mchongaji aliibandika karatasi ile juu ya ubao wa mcheri, uso chini, akachonga mpaka mistari ikabaki imesimama peke yake. Kila rangi ilitaka ubao wake. Mpiga chapa alilaza karatasi ngumu ya maganda ya mforsadi juu ya ubao wenye rangi, akiitegesha kwenye alama mbili zilizochongwa pembeni ili rangi zisipishane, kisha akaisugua mgongoni kwa baren, kisugulio bapa kilichofungwa kwa ganda la mwanzi. Tangu mwaka 1765, chapa za rangi nyingi zilipoenea mjini Edo, mtu wa kawaida aliweza kununua picha kwa bei isiyopita sana ile ya bakuli la tambi.

Wanyama walipata nafasi kubwa katika biashara hiyo. Mwaka 1788 Kitagawa Utamaro, anayejulikana zaidi kwa picha za wanawake, alitoa kitabu cha wadudu ambamo nyoka, panzi na konokono wamechorwa kwa uangalifu wa kitabibu. Utagawa Kuniyoshi alipenda paka kupita kiasi, na wanafunzi wake walisimulia kwamba alifanya kazi akiwa na paka mchanga kifuani, ndani ya vazi lake. Serikali ilipopiga marufuku picha za waigizaji mwaka 1842, Kuniyoshi aliwapa paka sura za waigizaji, na wapenzi wa tamthilia wakawatambua mara moja. Mwaka 1857 Utagawa Hiroshige, akiwa karibu na mwisho wa maisha yake, alichora tai aliyetanda juu ya mbuga ya theluji kando ya ghuba ya Edo, na paka mweupe aliyekaa dirishani akitazama mashamba ya mpunga wakati wa machweo.

Wazungu waliipokea karatasi hii kwa mshangao. Huko Paris, mchoraji Félix Bracquemond alichukua samaki, majogoo na wadudu wa wachora chapa Hokusai na Hiroshige, akawahamishia kwenye sahani za mezani zilizotolewa mwaka 1866. Miaka 20 baadaye Vincent van Gogh alinunua mamia ya chapa kwa bei rahisi kutoka kwa mfanyabiashara Siegfried Bing. Mwaka 1877 Edward Morse, mtaalamu wa wanyama kutoka Marekani, alikwenda Japani kutafuta viumbe wadogo wa baharini wenye makombe. Aliporudi, mihadhara yake ya Boston ilimwasha daktari kijana, William Sturgis Bigelow. Mwaka 1882 Bigelow alisafiri naye kwenda Japani, akakaa miaka 7 akinunua. Mkusanyo alioukabidhi rasmi kwa makumbusho ya sanaa ya Boston mwaka 1911 ulikuwa na chapa zaidi ya 30,000. Msafara mzima ulianzia kwenye makombe ya ufukoni.

Frank Lloyd Wright naye alikuwa katika msafara huo. Alifika Japani mara ya kwanza mwaka 1905, akarudi na mamia ya chapa za Hiroshige, na mwaka uliofuata zikaonyeshwa Chicago. Mwaka 1913 ndugu wawili matajiri wa Boston, William na John Spaulding, walimpa fedha akawanunulie chapa bora kuliko zote atakazopata. Mwaka 1921 ndugu hao waliyapa makumbusho ya sanaa ya Boston mkusanyo wa chapa zaidi ya 6,000, kwa sharti moja: zisitundikwe ukutani kamwe.

Sharti hilo lina sababu ambayo kila mkusanyaji huijua kwa uchungu. Buluu ya zamani ya chapa za Kijapani ilitoka kwenye ua dogo la porini, na waridi yake ilitoka kwenye ua la kartamu. Rangi hizo zikipigwa na mwanga hufa. Buluu hugeuka rangi ya majani makavu, waridi hupotea kabisa, na bata aliyekuwa akielea kwenye maji ya samawati anabaki akielea kwenye karatasi tupu. Chapa za Spaulding zimekaa gizani kwa zaidi ya miaka 100, na ndiyo maana leo wataalamu wanaotaka kujua chapa ya Utamaro ilionekanaje siku ilipotoka kwa mpiga chapa huziendea hizo.

Japani yenyewe ilikuwa inabadilika. Mwaka 1881, katika maonyesho ya kitaifa mjini Tokyo, Kawanabe Kyosai alionyesha picha ya kunguru mmoja juu ya tawi kavu, wino mtupu, akaipangia bei ya yen 100. Watu waliguta: yen 100 kwa kunguru! Kyosai, aliyeanza kujifunza kwa Kuniyoshi akiwa mtoto wa miaka 7, alijibu kwamba bei ile si ya kunguru bali ni ya miaka aliyoitumia kujifunza kumchora. Mwenye duka la peremende la Eitaro akailipa yote. Baada ya hapo wateja wa kigeni walimiminika wakitaka kunguru, na mwaka huohuo msanifu majengo Mwingereza, Josiah Conder, akawa mwanafunzi wake.

Wateja hao wa kigeni ndio waliomlisha Ohara Koson. Alizaliwa Kanazawa mwaka 1877, na karibu maisha yake yote alichora chapa za ndege na wanyama: kunguru kwenye theluji, yangeyange kwenye mvua, mbweha anayecheza akiwa na jani la yungiyungi kichwani. Tangu mwaka 1926 alifanya kazi na mchapishaji Watanabe Shozaburo, aliyefufua ufundi wa zamani wa chapa, na akawa anatia sahihi ya Shoson. Chapa zake nyingi ziliuzwa Marekani na Ulaya, na mwaka 1930 na 1936 zilikuwamo katika maonyesho makubwa ya chapa mpya za Kijapani huko Toledo, Ohio. Alifariki mwaka 1945, wakati kwao jina lake halikuwa na uzito hata kidogo.

Anayeshika chapa ya Koson mkononi haiangalii kwa mbele peke yake. Anaigeuza. Mgongoni, kama ni chapa nzuri, ataona duara za baren zilipopita, na rangi iliyopenya nyuzi za karatasi. Anaiinamisha kwenye mwanga wa pembeni, na pale ambapo yangeyange alionekana mweupe tupu, manyoya yanajitokeza. Hayana wino. Yamekandamizwa kwenye karatasi kwa ubao mkavu, na kidole kikipita juu yake kinayahisi. Kisha anatazama kingo kama zimekatwa, mikunjo, matundu ya wadudu, na anga: je, kiza cha juu kinafifia polepole kuja chini, kazi ya mpiga chapa aliyepangusa ubao kwa mkono wakati wa kila chapa, au kimekatika ghafla?

Joe Price alijifunza kutazama hivyo, ila kwa picha za brashi. Aliporudi Oklahoma na mzabibu wake, alianza kutafuta nyingine, akiwachagua wachoraji ambao wataalamu wa wakati ule hawakuwajali. Jakuchu hakuwa peke yake: walikuwamo Nagasawa Rosetsu, aliyechora tembo mkubwa hata akazidi karatasi, na Mori Sosen wa Osaka, aliyechora nyani kwa namna ambayo hadithi zilimweka porini akiishi nao. Price hakuuliza kwanza sahihi ni ya nani. Aliuliza kama mstari una uhai. Katika safari zake za Japani alikutana na Etsuko, wakaoana mwaka 1966, na tangu hapo mkusanyo ukawa wa watu wawili. Wakauita Shin'enkan, jina ambalo Jakuchu alikipa chumba chake cha kazi.

Katika Japani penyewe, mwaka 1970 msomi Tsuji Nobuo alitoa kitabu kuhusu wachoraji aliowaona kuwa na ubunifu wa ajabu, Jakuchu akiwamo. Taratibu macho ya wenyeji na ya mgeni wa Oklahoma yakaanza kutazama upande mmoja.

Price alishikilia jambo moja hadi mwisho: picha hizi zilichorwa ili zionwe kwa mwanga wa mchana unaopita kwenye karatasi ya dirisha, wenye kupanda na kushuka, si kwa taa ya umeme iliyokazwa. Jua likisogea, jani la dhahabu nyuma ya jogoo huwaka na kuzima, na jogoo mwenyewe huonekana kusogea mbele na kurudi nyuma. Kwa ajili hiyo waliiunga mkono nyumba maalumu ya sanaa ya Japani huko Los Angeles, iliyobuniwa na msanifu majengo Bruce Goff, ikamaliziwa na Bart Prince baada ya Goff kufariki, na kufunguliwa mwaka 1988. Kuta zake hupitisha mwanga laini wa jua. Nyumba nyingine ambayo Goff alikuwa amemjengea Price kule Bartlesville iliteketezwa kwa moto mwaka 1996.

Mwaka 2006 mkusanyo ulikwenda Tokyo. Makumbusho ya taifa yakakubali ombi lisilo la kawaida: sehemu ya skrini za kukunja zionyeshwe bila kioo, kwa taa zilizobadilika polepole kama siku inayokucha na kuchwa. Wageni walikuwa zaidi ya 6,000 kwa siku, idadi ambayo hakuna maonyesho mengine duniani mwaka ule yaliyoifikia. Mwaka uliofuata, Shokoku-ji likapokea kwa muda picha zake 30 kutoka ikulu, na kwa mara ya kwanza baada ya karibu miaka 120 majogoo, samaki na vyura wakamzunguka tena Buddha wao.

Kati ya vitu vilivyowastaajabisha watu Tokyo ni skrini mbili zilizogawanywa kwa vijiraba vya sentimita moja hivi, zaidi ya 43,000 kwa kila skrini, kila kimoja kimepakwa rangi peke yake. Ukisogea karibu unaona vijiraba tu. Ukirudi nyuma hatua chache, bustani inajitokeza: upande mmoja ndege, upande wa pili wanyama, na katikati yao yule tembo mweupe. Wataalamu hawajakubaliana kuhusu skrini hizi. Tsuji aliziona kuwa za Jakuchu. Wengine wanaona mkono wa wanafunzi au wa fundi mwingine. Kwa Price swali hilo halikubadili kitu. Alikwisha kununua picha moja bila kujua jina, na hakuona sababu ya kuacha kuyaamini macho yake.

Machi 2011 tetemeko na mawimbi ya tsunami viliharibu pwani ya kaskazini mashariki ya Japani. Joe na Etsuko Price waliamua kupeleka picha zao huko, na mwaka 2013 mkusanyo ulizunguka Sendai, Iwate na Fukushima. Price alikuwa na zaidi ya miaka 80. Watu waliopoteza nyumba na jamaa walisimama na watoto wao mbele ya tembo na majogoo waliotoka ng'ambo ya bahari kwa ajili yao.

Mwaka 2016, miaka 300 tangu Jakuchu azaliwe, picha 30 za viumbe zilionyeshwa Tokyo kwa mwezi mmoja tu. Walikuja watu zaidi ya 440,000, na siku nyingine kungoja kwenye foleni kulichukua muda wa saa 5. Mwaka 2019 kazi 190 hivi za Price, skrini za vijiraba zikiwamo, zilinunuliwa na makumbusho ya Idemitsu na kurudi Japani moja kwa moja. Mwaka 2021 serikali ikazitangaza picha 30 kuwa Hazina ya Taifa. Aprili 2023 Joe Price akafariki, akiwa na miaka 93.

Soko la Nishiki bado lipo palepale Kyoto, njia nyembamba yenye paa la rangi, wauza samaki, kachumbari na mboga. Mwaka 1771 wapinzani walipotaka lifungwe, Jakuchu aliacha kuchora na kwa miaka 3 akahangaika na maofisa hadi likaruhusiwa tena, jambo ambalo watafiti walikuja kuligundua baadaye sana. Mchana picha zake hazionekani kwa urahisi, kwa sababu wafanyabiashara wamezichora kwenye milango ya chuma ya maduka yao. Ni mpaka jioni, mteja wa mwisho akishaondoka na muuza mboga akaushusha mlango wake, ndipo jogoo anaposhuka nao, undu mwekundu, mguu mmoja juu, akabaki kulinda duka usiku kucha.